AFYA YA MSAFIRI HUANZIA NYUMBANI

Hotuba ya Karani wa Chama iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kiambere



Kamati imeniagiza niseme machache juu ya vijana wetu wendao kufanya kazi ng'ambo, hasa katika nchi za Waarabu, na jinsi iwapasavyo kutunza afya zao huko. Naishukuru Kamati kwa heshima hiyo. Mimi si daktari wala mwanasheria. Ni karani tu, na kazi yangu ni kuandika barua na kujaza hati za wanachama. Lakini karani huona mengi, kwa kuwa shida za watu hupitia mezani pake zikiwa karatasi. Haya nitakayoyasema nimeyakusanya kwa waganga wa hospitali, katika maandishi ya serikali, na kwa wenzetu waliokwenda wakarudi.

Neno langu kuu ni moja, nami nalitaja mapema ili msije mkalitafuta. Mara nyingi msafiri haangushwi na mambo makubwa. Huangushwa na mambo madogo ya kila siku: maji, usingizi, jino, kidonge, karatasi. Na karibu yote hayo hutengenezwa kabla ya safari, hapa hapa nyumbani. Chama chetu kimezoea kuchanga fedha mtu akisha kufa ng'ambo, ili mwili wake urudishwe. Hilo ni jambo la utu, wala sisemi liachwe. Lakini nauliza: kwa nini tuwe wepesi kuchangia jeneza, tukawa wazito kuchangia uchunguzi wa daktari?

Wazee, ninyi mlisimuliwa na baba zenu habari za Vita vya 1914 hadi 1918. Watu wetu walichukuliwa kuwa wapagazi katika lile jeshi la wachukuzi liitwalo kwa Kiingereza Carrier Corps, ambalo kwa ndimi zetu likawa Kariakoo. Jina hilo lingali katika mtaa wa Kariokor mjini Nairobi, na katika Kariakoo ya Dar es Salaam. Wapagazi waliokufa walikuwa maelfu mengi, na walio wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara, na malaria, na kichomi, na unga usioiva vizuri waliopewa watu waliozoea vyakula vingine.

Kisha vikaja Vita vya pili. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita katika bonde la Kabaw, nchi ya Burma, mahali palipoogopwa sana kwa ajili ya malaria. Lakini askari wale walikuwa na madaktari wao, na walimeza kila siku, kwa amri, vidonge vya kuzuia homa. Mpagazi na askari walikuwa watu wa namna moja, wenye damu moja na miili ileile. Kilichowatofautisha ni matengenezo. Mmoja alipelekwa bila kutunzwa, mwingine alitunzwa kabla hajaugua.

Basi na tujiulize: vijana wetu wa leo wendao Saudi Arabia, Qatar, Kuwait, Oman na Falme za Kiarabu, twawapeleka kama wapagazi au kama askari? Kila mmoja huenda peke yake, na wakala wake, na mkataba ambao pengine hakuusoma. Faida yao twaiona sote. Kwa hesabu ya Benki Kuu ya Kenya, mwaka 2024 Wakenya walioko nchi zote za nje walileta nyumbani karibu dola bilioni 4.9. Fedha hizo hujenga nyumba na kulipa karo. Lakini hakuna fedha iletwayo na mtu aliye mgonjwa kitandani.

Sasa nitataja mambo moja moja.

La kwanza ni uchunguzi wa mwili. Nchi za Ghuba hazimpokei mfanyakazi asiyepimwa katika kliniki zilizokubaliwa, kwa utaratibu uitwao Wafid, ambao zamani uliitwa GAMCA. Hupigwa picha ya kifua kutafuta kifua kikuu, na damu hupimwa kutafuta virusi vya Ukimwi, homa ya ini ya namna ya B na ya C, na kaswende. Na wanawake hupimwa mimba. Akionekana na moja katika hayo, hakubaliwi. Tena hupimwa mara nyingine akisha kufika, na akionekana mgonjwa hurudishwa. Huko nyuma yuko mtu aliyeuza mbuzi wake kumi, akalipa wakala, ndipo akaenda kupimwa mwisho, akakataliwa. Mbuzi hawarudi. Kwa hiyo nashauri mtu apimwe kwanza kwa siri katika zahanati yetu au Hospitali ya Embu, kabla hajatoa hata shilingi moja.

Na hapa nawasihi wazee jambo moja. Kijana akikataliwa, tusimwone kuwa amelaaniwa. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika hospitali za serikali yetu, na ugonjwa wa kawaida huponywa kwa muda wa miezi sita. Dawa za virusi vya Ukimwi pia hutolewa bure, na azimezaye sawasawa huishi na kulea watoto wake. Huenda hata picha ikaonyesha kovu la ugonjwa uliokwisha kupona zamani, naye akakataliwa kwa sababu ya kovu tu. Picha iliyomzuia kusafiri huenda ndiyo iliyomwokoa, kwa kuwa imemwonyesha ugonjwa mapema. Aibu yetu ndiyo imwuayo, kwa kumfanya ajifiche.

Kadhalika meno na macho. Jambo hili huchekwa, lakini waulizeni waliorudi. Matibabu ya jino ng'ambo ni ghali, na bima nyingi za wafanyakazi hazilipi. Jino lililooza na ling'olewe hapa. Asiyeona vizuri na apate miwani hapa. Na cheti cha chanjo ya homa ya manjano kisikosekane. Tangu Julai 2016 cheti hicho hutumika maisha yote, wala mtu asidanganywe kwamba kimekwisha baada ya miaka kumi ili alipishwe tena.

La pili ni vitu vya mfukoni. Sisi wa Mbeere twalima muguka, na wengi hapa wamesomesha watoto kwa muguka. Hapa kwetu ni zao la biashara. Lakini katika nchi za Ghuba miraa na muguka ni dawa ya kulevya mbele ya sheria, kwa kuwa majani yake yana kathinoni, na mtu huweza kufungwa miaka kwa kifurushi kidogo. Jani lililosahauliwa katika mfuko wa koti halitamwambia askari wa forodha kwamba lilisahauliwa. Mavazi yote na yakung'utwe kabla ya kufungwa. Wala msafiri asikubali kubebeshwa mzigo wa mtu mwingine, hata kama ni jamaa, pasipo kuufungua na kuutazama mwenyewe.

Dawa za hospitali nazo ni vivyo hivyo. Dawa za maumivu zenye kodeini au tramadoli, na baadhi ya dawa za usingizi, huko hulindwa kwa sheria kali. Mwenye ugonjwa wa kudumu, kama shinikizo la damu au kisukari au kifafa, achukue dawa zake ndani ya boksi lake la asili, pamoja na barua ya daktari yenye jina kama lilivyo katika pasipoti, na aulize ubalozi wa nchi aendayo kabla ya siku ya safari. Asimwage vidonge katika karatasi kama njugu.

La tatu ni jua. Najua mtacheka, kwa kuwa jua la Kiambere si geni kwa mtu aliyechunga mbuzi kando ya Tana mwezi wa Februari. Na hapo ndipo kosa lilipo. Kijana wetu husema, "Mimi nimezaliwa juani." Lakini wakati wa kiangazi huko joto hupita digrii 45, na katika miji ya pwani, kama Doha, Dubai na Jeddah, hewa hujaa unyevu hata jasho halikauki. Jasho lisipokauka halipozi mwili. Tena hapa mchungaji akichoka hukaa chini ya mgunga. Kule mwenye kazi ndiye asemaye lini utakaa.

Wajuao mambo hayo wanasema kwamba wengi wadhuriwao na joto ni wageni wa siku za kwanza. Mwili huhitaji wiki moja au mbili kuzoea. Siku ya kwanza yafaa mtu afanye kama sehemu moja ya tano ya kazi nzima ya juani, kisha aongeze kidogo kidogo. Anywe kikombe kimoja cha maji kila baada ya dakika kumi na tano au ishirini, hata kama hana kiu, na asiache kula chumvi katika chakula. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai, amechelewa kunywa. Na mwenzake akianza kusema maneno yasiyoeleweka, au akaanguka, huyo si mlevi wala si mvivu. Amepigwa na joto, naye huweza kufa kwa muda mfupi. Aondolewe juani, amwagiwe maji, apepewe, na daktari aitwe mara moja.

Sheria nazo zipo, na mfanyakazi azijue. Katika Qatar kazi ya nje imekatazwa kati ya saa nne asubuhi na saa tisa na nusu alasiri, kuanzia 1 Juni hadi 15 Septemba, kwa agizo lililotolewa mwaka 2021. Katika Saudi Arabia ni kuanzia saa sita mchana hadi saa tisa, na katika Falme za Kiarabu kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa, tangu 15 Juni hadi 15 Septemba. Huko Nepal, nchi ipelekayo vijana wengi Ghuba, madaktari wamewaona vijana wakirudi na figo zilizoharibika kwa joto na kukosa maji. Kijana aliyekwenda kutafuta mali akarudi kusafishwa damu kwa mashine mara mbili au tatu kwa wiki, huyo amepata mali gani?

La nne ni kazi ya nyumbani, ambayo hasa ndiyo kazi ya binti zetu. Jua haliwapati; wao huugua kwa kukosa usingizi, kwa mgongo, na kwa dawa za kusafishia. Nitataja moja tu. Jiki haichanganywi na dawa kali ya kusugulia choo yenye asidi, wala na amonia. Zikichanganyika hutoa hewa ya sumu iunguzayo mapafu, na katika bafu lililofungwa mtu huweza kuanguka papo hapo. Atumie moja, asuuze kwa maji mengi, afungue dirisha, ndipo atumie nyingine. Mama, mfundisheni binti neno hili kama mnavyomfundisha kutofunga jiko la makaa ndani ya nyumba.

Liko neno jingine, nami nalisema kwa heshima mbele ya wazee. Katika Saudi Arabia mwanamke apataye mimba nje ya ndoa huwa amevunja sheria. Kwa hiyo wengine huogopa kwenda hospitali, huzalia vyumbani, na mtoto hukosa cheti cha kuzaliwa. Na mtoto asiye na cheti hapati pasipoti ya kurudia nyumbani. Wapo mama wa Kenya waliokwama huko na watoto wao kwa sababu hiyo. Binti aambiwe haya waziwazi kabla hajaondoka. Na kama limempata, pengine kwa kudhulumiwa, ajue kwamba mlango wa nyumbani haujafungwa. Binti aogopaye baba yake kuliko anavyoogopa kifo hatapiga simu.

La tano ni karatasi, nazo ni dawa pia. Katika nchi hizo ruhusa ya kukaa hufungamana na mwajiri, kwa desturi iitwayo kafala. Qatar iliilegeza mwaka 2020, na Saudi Arabia ikailegeza kidogo mwaka 2021, lakini watumishi wa nyumbani hawakuingizwa katika mabadiliko hayo ya Saudi Arabia. Mfanyakazi akitoroka, au kibali chake kiitwacho iqama kikiisha, huogopa hata kuingia hospitali, na ugonjwa mdogo hukua. Kwa hiyo atunze nakala ya pasipoti, ya mkataba na ya iqama. Nyingine katika simu, nyingine hapa kwetu. Auangalie mkataba kama una neno la matibabu na siku ya mapumziko. Na kwa kazi ya nyumbani katika Saudi Arabia, gharama za visa na tiketi ni juu ya mwajiri. Basi yule wakala asemaye uza shamba ununue tiketi, mwulizeni leseni yake, mkaithibitishe katika Mamlaka ya Taifa ya Ajira. Balozi zetu ziko Riyadh, Doha, Abu Dhabi, Kuwait na Muscat. Namba zake ziandikwe kwa wino, kwa kuwa simu huweza kunyang'anywa.

La sita ni upweke. Wazee hawakuzoea kuuita ugonjwa, lakini ni ugonjwa. Mtu akaaye miezi bila kusikia lugha yake hukosa usingizi, huacha kula, na wengine hufika kujidhuru. Saudi Arabia, Qatar na Kuwait saa zao ni sawa na zetu. Falme za Kiarabu na Oman wametutangulia kwa saa moja. Hakuna udhuru wa kutopiga simu. Lakini tazameni simu zetu zilivyo: karo, mabati, mazishi, ng'ombe. Mara ngapi tumeuliza, "Umelala? Umekula?" Kila jamaa na iweke siku moja katika wiki ya kumpigia msafiri wake bila kumwomba kitu. Tena wapatane naye neno la siri, kwa kuwa pengine hasemi akiwa peke yake. Akiuliza habari za mbuzi mwekundu, hali yeye na jamaa wanajua kwamba hapana mbuzi mwekundu, basi wajue yuko taabuni.

La saba ni kurudi. Kinga ya malaria ambayo mwili hupata kwa kuishi kati ya mbu hupungua mtu akikaa mahali pasipo na malaria. Falme za Kiarabu zilithibitishwa kuwa hazina malaria mwaka 2007. Basi aliyekaa huko miaka, akirudi kwetu kando ya mto na bwawa, mwili wake ni kama wa mgeni. Alale ndani ya chandarua tangu usiku wa kwanza, na akishikwa na homa apimwe siku hiyo hiyo, asiseme, "Hii ni malaria yetu ya kawaida." Na aendaye, akipata homa katika majuma ya kwanza huko, amwambie daktari kwamba atoka nchi yenye malaria, kwa kuwa daktari wa huko huenda asiiwaze.

Mheshimiwa Mwenyekiti, sipendi kumaliza kwa kutaja shida tu. Kwa idhini ya Kamati naleta mashauri manne mbele ya mkutano huu.

Shauri la kwanza: Chama kiwe na daftari la wasafiri, na kila aondokaye aandikwe jina lake, nchi, mwajiri, wakala, na namba ya pasipoti, pamoja na nakala za hati. Mtu anapopotea, siku za kwanza hupotea kwa kutafuta karatasi.

Shauri la pili: sehemu ya mfuko wa mazishi itengwe kuwa mkopo mdogo wa uchunguzi na meno, urudishwe kwa mishahara ya kwanza.

Shauri la tatu: wale waliorudi waitwe kuzungumza na wanaotaka kwenda, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, pasipo kuona haya. Yako mambo ambayo karani hawezi kumweleza binti, lakini mwanamke aliyekaa Jeddah miaka miwili ataweza.

Shauri la nne: jamaa walioachwa nyumbani waandikishwe katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo tangu 1 Oktoba 2024 imechukua mahali pa bima ya zamani ya hospitali. Msafiri asiyekuwa na hofu ya gharama ya hospitali ya mama yake hatakubali kufanya kazi akiwa mgonjwa.

Wahenga walisema kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Aendaye mbele na aendaye nyuma ya chombo, mwisho hurudi katikati. Watoto wetu watarudi Kiambere. Hilo halina shaka. Lililo mikononi mwa mkutano huu ni hali watakayorudi nayo. Mfuko wa Chama ni ule ule, na shilingi ni zile zile. Naomba wazee mwaamue leo, kabla hatujafunga mkutano, kama sehemu yake itatumika mapema, wakati mwenyewe angali aweza kusema ahsante.